Chumba cha Ghorofa ya Tatu, Punta Arenas

Danica,
ufunguo hukwama. Uinue kidogo, ndipo uzungushe.
Hita hugonga saa nne kasorobo kama mtu anayebisha hodi;
waambie wagonjwa mapema, wasishtuke.
Mimi nilishtuka nao miaka ishirini na sita.

Saa ya ukutani nimeihamisha.
Sasa iko nyuma ya kiti chao, utaiona bila kugeuza shingo.
Anayelia akikuona unatazama mkono wako
hujifuta haraka, akaomba radhi,
na alilokuja nalo akarudi nalo nyumbani.

Karatasi laini ziache mezani, mkono wake uzifikie.
Usimpe. Ukimpa, umemwambia basi, yatosha.
Hili nilifundishwa na Rosalba wa kiwanda cha kaa,
aliyelia majuma matano akijifuta kwa mkono wa sweta.
Siku aliponyoosha mkono mwenyewe, akachomoa moja,
sikuandika kitu daftarini.

Kula. Kabla ya mgonjwa wa nne, kula.
Njaa haina adabu:
utalisikia tumbo lako, usisikie jina la mwanawe.

Watakupangia watu tisa kwa siku.
Heriberto wa mapokezi si mtu mbaya, ila orodha yake
ni ndefu kuliko barabara ya kwenda Natales.
Mwambie saba. Atakuna kichwa.
Mwambie saba tena.
Kati ya mtu na mtu fungua dirisha dakika kumi,
maneno ya aliyetoka yatoke naye.
Hapa upepo hatujawahi kuukosa.

Andika siku hiyo hiyo. Kumbukumbu ya kesho ni uvumi.

Sasa la Jumatano.
Alikuja mkata sufu, viganja vimepasuka,
jina lake sitaliandika.
Akasema, "Mbwa wangu nimempa jirani."
Nikasema, "Vizuri."
Nilisema vizuri, Danica.
Nje alikuwapo mtu wa tisa, nami nilikuwa na miadi ya jino.
Neno lilikuwa mezani kati yetu kama sahani,
nikalipita nikitafuta chumvi.
Alhamisi nikapigiwa simu.

Basi uliza. Uliza kwa maneno yenye mifupa:
"Je, unafikiria kujiua?"
Usizunguke, usipake sukari.
Swali halimtii mtu wazo;
wazo lilifika kabla yako, limeshavuta kiti.
Uliza kwa njia gani, na lini,
na nani yuko nyumbani usiku.
Kisha nyamaza, usikilize.
Kisha usimwache ashuke ngazi peke yake.

Na wewe uwe na mtu wako. Mganga hajigangi.
Mimi nilikuwa na Slavenka, juu ya duka la rangi,
kila Ijumaa ya pili, hata nikiwa na mafua.
Nilipomsimulia, hakuniambia si kosa langu.
Aliniuliza mbwa anaitwaje.
Sikujua. Hapo ndipo nilipolia,
na karatasi zilikuwa mezani, mkono wangu ukizifikia.

Jumapili, mezani kwa mama yako,
dada yako atakuuliza mumewe ana tatizo gani.
Mpe viazi.

Majira ya upepo, utaona, manispaa hufunga kamba kwenye kona
ili wapitao wasipeperushwe.
Nimeitazama sana ile kamba kutoka dirishani.
Haimbebi mtu. Haibishani na upepo.
Imefungwa ncha mbili, basi,
na bibi mwenye kikapu huivuta hadi avuke.
Ukitoka jioni, nawe ishike;
usione haya kwa kuwa una cheti.

Nilichosahau:
mswaki uko kwenye droo ya chini, mpya, ni wako.
Kiti cha kushoto kina mguu mbovu, kalia wewe.
Na ua la dirishani ni la plastiki.
Nililimwagilia mwaka mzima, kwa haraka,
nikiwa na funguo mkononi,
kabla sijaligusa.

Ondina